Bakuli Namba 42: Nyama Ipo, Moshi Hakuna



Leo nataka kuzungumzia chakula, na tena chakula chenyewe kina nyama ya nguruwe, kwa hiyo mapema kabisa naomba radhi kwa ndugu zangu wasioigusa. Simwambii mtu ale. Ila naomba msiondoke, manake aliyenifundisha kukihukumu chakula hiki ni mtu wa Unguja ambaye hajawahi kukitia mdomoni na wala hana nia hiyo. Mtakutana naye huko mbele.

Chakula chenyewe kinaitwa bún thịt nướng. Bún ni tambi nyeupe za mchele, thịt ni nyama, nướng ni kuchoma. Neno nguruwe halimo kabisa, msikilizaji anajua mwenyewe. Sisi wa bara tunaielewa hali hiyo vizuri, kwani nasi mnyama huyu hatumtaji: tunasema kitimoto, wengine mbuzi katoliki, na muuzaji anapima kilo bila ya kuuliza swali la pili.

Mimi nakaa Houston, na hicho chakula nimekuwa nikikila kwenye mgahawa mmoja wa pembeni ya Bellaire Boulevard tangu 2005. Jina la mgahawa sitalitaja, kwa sababu nina maneno ya kuusema, na wenyewe hawamo humu kujitetea. Ni mgahawa wa kawaida sana. Meza za plastiki ngumu, kwenye kila meza kopo la vijiti na chupa ya pilipili, na orodha ya vyakula iliyofunikwa kwa nailoni ambayo kila chakula kina namba yake. Changu kilikuwa namba 42. Kwa miaka kumi na sita sikuwahi kutamka jina la chakula mle ndani. Naingia, nasema namba, nakaa.

Sasa nieleze bakuli lenyewe, kwa sababu hoja yangu yote imo humo. Bakuli linajengwa kutoka chini kwenda juu. Chini kabisa ni majani: saladi iliyokatwakatwa, nanaa, kotmiri, vipande vya tango, chipukizi za choroko, na majani mengine mawili ambayo Kiswahili changu hakina majina yake. Moja ni tía tô, jani pana ambalo upande wake wa chini ni zambarau na ladha yake ni kama mrehani uliokutana na bizari nyembamba. La pili ni kinh giới, linalonukia baina ya nanaa na mchaichai. Juu ya majani zinawekwa tambi, na tambi hizo ni baridi, au tuseme za vuguvugu la chumba, hazifuki moshi hata kidogo. Juu ya tambi ndipo inapokuja nyama, imetoka motoni sasa hivi, vipande vyembamba vilivyolala kwenye mchaichai, vitunguu, thomu, sukari na mchuzi wa samaki mpaka vikalainika. Halafu achari ya karoti na figili nyeupe, karanga zilizopondwa, na vitunguu vya majani vilivyomwagiwa mafuta ya moto. Wengine huongeza chả giò, ambayo ni mfano wa sambusa iliyoviringishwa kama biri. Pembeni kinakaa kibakuli cha mchuzi, nước chấm, unaumwaga wote juu, unavuruga, ndipo unakula.

Mtu anayekula mara ya kwanza huwa anaitazama nyama tu. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Ni kosa la heshima kwa mtu aliyekulia kwenye mishikaki na nyama choma: tumezoea kwamba nyama ndiyo bwana harusi na kachumbari ni mpambe. Hapa mambo ni mengine. Nyama yenyewe haizidi vipande vinane au tisa. Kazi kubwa inafanywa na vitu vitatu: majani, mchuzi, na moshi.

Nianze na mchuzi. Asili yake ni nước mắm, maji yanayotoka kwenye samaki wadogo wa jamii ya dagaa waliolazwa kwenye chumvi. Kisiwa cha Phú Quốc, upande wa kusini kabisa wa Vietnam, ndicho chenye sifa kubwa: dagaa wanapakiwa na chumvi kwenye mapipa makubwa ya mbao na kuachwa humo karibu mwaka mzima, kisha yale maji ya rangi ya kahawia yanafunguliwa kwa chini. Mwaka 2012 Umoja wa Ulaya ulilipa jina la Phú Quốc ulinzi wa kisheria, kama ulivyofanya kwa mvinyo wa Champagne, kwamba asiyetoka huko asilitumie. Kikiwa ndani ya chupa hicho kitu kina harufu ya kumfukuza mgeni. Mtu wa Unguja au Mwanza aliyepita penye dagaa wanaoanikwa hafukuziki kirahisi, lakini tusidanganyane, ni kali. Mpishi anakichanganya na ndimu, sukari, maji, thomu na pilipili, na hapo ufundi wote upo kwenye mizani. Chumvi, uchachu, utamu na ukali vinatakiwa vifike ulimini pamoja, asitangulie hata mmoja. Sukari ikizidi kidogo tu, basi, umekunywa sharubati ya samaki.

Kabla sijafika kwenye malalamiko yangu nirekebishe kosa moja ambalo naliona kila mahali, na kwenye mgahawa wangu pia limeingia. Tarehe 23 Mei 2016, Barack Obama, ambaye wengi wetu tunamhesabu nusu yake ni mtu wa kwetu kwa ajili ya baba yake Mluo, aliketi kwenye kigoda cha plastiki mjini Hanoi pamoja na mpishi na mwandishi Anthony Bourdain, katika mgahawa uitwao Hương Liên. Walikula na kunywa bia, na bili haikupita dola sita. Picha zilizunguka dunia. Bourdain alifariki 2018, na meza ile waliyokalia wenye mgahawa wameizungushia kioo kama kitu cha makumbusho. Sasa, walichokula siku ile ni bún chả. Siyo bún thịt nướng. Tangu hapo wauzaji wengi wa ughaibuni wamelishika lile jina maarufu na kulibandika kwenye bakuli lolote lenye tambi na nguruwe wa kuchoma.

Tofauti yake ni kama ya pilau na biriani, na nadhani hakuna mfano mzuri zaidi kwa wasomaji wa hapa. Pilau vitu vyote vinaivia pamoja. Biriani wali una sufuria yake na masala yana sufuria yake, wanakutana kwenye sahani. Bún thịt nướng, chakula cha kusini, ni pilau kwa maana hiyo: vyote ndani ya bakuli moja. Bún chả ya Hanoi ni biriani: tambi sahani yake, majani sahani yake, na nyama inaogelea kwenye bakuli la mchuzi wa vuguvugu uliozimuliwa kwa maji mengi, pamoja na vipande vya papai bichi la achari. Na nyama yenyewe ni ya namna mbili, vipande vya ubavu wenye mafuta na vidonge vya nyama ya kusaga. Unachovya tambi kidogo kidogo. Mimi niliila Hanoi 2018, saa sita ya mchana, kwa sababu kule ndicho chakula cha mchana, na nakiri kwamba ni tamu. Lakini mwenye kukuuzia pilau akaiita biriani, hata kama pilau ni nzuri, si amekudanganya?

Historia ya jambo hili inatugusa sisi tuliotoka kwetu. Mkataba wa Geneva wa 1954 ulipoigawa Vietnam, watu laki nyingi, karibu milioni, walihama kutoka kaskazini kwenda kusini, wakabeba vyakula vyao. Miongoni mwao alikuwa mwandishi Vũ Bằng, mzaliwa wa Hanoi wa 1913, ambaye alimwacha mkewe kule kaskazini na mwaka 1960, akiwa Saigon, akachapisha kitabu kizima kuhusu vyakula vitamu vya Hanoi. Yaani mtu yumo ndani ya nchi yake, anasema lugha yake, na bado anaandika juu ya sahani kama anayeandika tanzia. Halafu ikaja Aprili 1975, Saigon ikaanguka, na safari hii waliokimbilia Marekani wengi walitoka kusini. Ndiyo sababu chakula cha Houston ni cha kusini: kina sukari zaidi, majani mengi zaidi, na bakuli moja. Waliokwenda Prague kama vibarua wa mikataba katika miaka ya 1980 wengi walitoka kaskazini, na huko utapata bún chả ya kweli. Kwa hiyo ukiona Houston wanaandika "Hanoi" kwenye bakuli la Saigon, mtu amefuta safari ya wazee wake kwa ajili ya picha moja ya 2016. Hilo linaniudhi kuliko bei.

Haya, turudi mgahawani.

Rafiki yangu wa Unguja, ambaye tangu sasa nitamwita Shekhe kama ninavyomwita siku zote, amekuwa akifuatana nami pale karibu kila Jumamosi. Yeye haagizi chakula. Nguruwe ni haramu, na hata ukimletea kamba au tofu anauliza swali la maana: wavu ni upi, mafuta ni yapi, koleo ni lipi? Ni yale yale. Kwa hiyo anakunywa kahawa yao, nyeusi nzito iliyochujwa tone kwa tone juu ya maziwa ya kopo na kumiminiwa kwenye barafu, na tunazungumza. Nilimwuliza zamani kwa nini asichague mahali pengine. Akanijibu: "Mwalimu, mie nafuata moshi. Moshi huu ukifumba macho uko Forodhani."

Na kweli. Nyuma ya mgahawa, chini ya bati, palikuwa na jiko la mkaa, na bibi mwenye mgahawa alikuwa anachoma mwenyewe, nyama imebanwa kwenye wavu wa chuma wenye mpini. Mafuta yanadondokea kaa, yanawaka, yanarudi juu kama moshi na kuivaa nyama. Sukari ya kwenye nyama inaungua pembeni na kuwa nyeusi kidogo. Ule weusi wa pembeni ndio unaokutana na nanaa baridi, na hapo ndipo chakula hiki kinapoanza kuwa chakula. Ukila nyama ile peke yake ni tamu mno, inachosha. Ukila majani peke yake ni majani. Moto na baridi, ukungu wa moshi na ubichi wa jani, ndiyo maana ya bakuli.

Mwaka 2021 mtoto wa yule bibi alishika usukani. Kijana mzuri, mwenye adabu, amesoma biashara. Alipaka rangi, akaondoa meza za zamani, akapunguza orodha kutoka vyakula themanini hadi ishirini na mbili. Namba 42 ikawa namba 17, na mbele yake pameandikwa jina la Hanoi. Unachagua mwenyewe: nguruwe, kuku, ng'ombe au tofu. Siku hiyo niliagiza, nikala, nikasema ni ile ile tu. Shekhe aliweka gilasi yake mezani, akanusa, akasema: "Leo sisikii kitu."

Mlaji sikujua. Asiyekula ndiye aliyejua. Nilikwenda nyuma kutazama: jiko la mkaa limeondoka, badala yake jikoni kuna bamba la chuma linalopashwa kwa gesi, nyama inalala juu yake na kuchemka ndani ya maji yake yenyewe. Nilirudi kwenye bakuli langu, safari hii nikalitazama kama mhakiki badala ya mwenye njaa. Nyama ilikuwa ya kahawia sawasawa kila upande, hakuna ncha nyeusi hata moja. Majani yalikuwa saladi na matawi mawili ya kotmiri, basi. Tía tô hakuna, kinh giới hakuna, hata nanaa hakuna. Mchuzi umekuja kwenye kikopo cha plastiki chenye kifuniko, umejaa sukari, samaki amefichwa kama ndugu wa aibu. Karanga zilikuwepo. Nyama ilikuwa nyingi kuliko zamani, tena sana, kama vile wingi wa nyama ni wa kumfariji mtu.

Nilikasirika, na katika kukasirika nikaandaa hotuba kuhusu vijana wanaouza urithi wa mama zao. Mnajua hotuba za namna hiyo, sote tunazo. Wiki iliyofuata nilimkuta bibi mwenyewe amekaa karibu na kaunta anachambua maharage, nikamweleza, kwa upole. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa Kiingereza chake cha maneno machache kwamba majani yalikuwa yanarudi jikoni. Kila siku bakuli zinarudi, chini kabisa majani yamebaki. Anamwaga. Akanyoosha kidole kwangu, akacheka: "Na wewe pia. Miaka mingi."

Jamani, nilinyamaza, kwa sababu ni kweli. Kuanzia 2005 mpaka labda 2010 mimi nilikuwa nakula nyama na tambi na kuyaacha yale majani ya zambarau chini ya bakuli, nikidhani ni pambo, kama ile kotmiri wanayotupia juu ya sahani hotelini. Nilijifunza kuyala polepole, na nilipoyazoea sikumwambia mtu. Yeye angejuaje? Aliona miaka ya mabakuli, na mabakuli yalisema hatuyataki. Yale majani alikuwa anayapanda mwenyewe nyuma ya nyumba yake, kwa sababu joto la Houston na unyevu wake, ambao sisi wa pwani tunaulaani kwa mazoea ya nyumbani, unayapenda. Mwanawe hakufuta kitu ambacho wateja walikuwa wanakililia. Alifuta kitu ambacho wateja tulikuwa tunakirudisha.

Kuhusu mkaa hata hivyo sikubali. Hakuna mteja aliyerudisha moshi. Hapo kijana aliamua kwa hesabu ya muda na usafi, na hesabu ile ilikosa mtu mmoja anayekuja kunywa kahawa tu.

Liko swali moja ambalo Shekhe aliniuliza siku nyingi, nami nilitaka kulijibu kwa vitendo: ukimtoa nguruwe, bakuli hili linabaki lilivyo? Wavietnam wenyewe wanalipika kwa ng'ombe na mchaichai, halikosi jina. Na Waislamu wa Kicham wa huko Châu Đốc, kwenye delta ya Mekong, wanaishi miongoni mwa tambi hizi hizi bila ya mnyama huyu. Basi Jumapili moja tulipika kwangu uani, wavu mpya, mkaa mpya, nyama ya mchinjaji wake mwenyewe. Mchuzi wa samaki aliusoma lebo herufi kwa herufi: dagaa, chumvi, hakuna zaidi. Tulichoma ng'ombe, na tulichoma mapaja ya kuku yenye ngozi. Majani niliyapata soko la Wavietnam, yote, mpaka kinh giới.

Ng'ombe hakufaulu. Mafuta yake machache, yanadondoka kidogo, nyama ikakauka kabla moshi haujaivaa. Kuku ndiye aliyetushangaza, ngozi ilidondosha mafuta ya kutosha, pembeni pakaungua vizuri, na tulipomwaga mchuzi na kuvuruga, ladha ilikuwa ile ninayoijua. Siyo yote. Nguruwe ana utamu wa mafuta ambao kuku hana, na mhakiki akisema vinginevyo kwa adabu tu atakuwa anasema uongo. Lakini kama ningepewa kuchagua kati ya kuku yule wa mkaa mwenye majani yake na nguruwe wa bamba la gesi mwenye saladi, nachagua kuku bila ya kufikiri. Shekhe alikula mabakuli mawili. La pili alilila bila ya mazungumzo, na Shekhe kunyamaza si jambo dogo.

Mgahawani bado naenda. Mkaa haujarudi na sidhani utarudi. Lakini majani yapo, bibi anayaleta kutoka nyumbani kwake kwa ajili ya wafanyakazi wa jikoni, wanakula wao. Ukiwa Houston na ukaagiza namba 17, usiishie kwenye namba. Mwambie mhudumu "thêm rau thơm", yaani majani ya kunukia zaidi, na uombe mchuzi usiotiwa sukari ya ziada. Mara ya kwanza walinitazama tu. Sasa wananiletea sahani nzima, nanaa, tía tô, kinh giới, imelowa maji, na bibi anasimama mlangoni mwa jiko kuangalia kama nitaimaliza.